Upepo Hauna Mwenyewe, Ardhi Inaye: Kutoka Vinu vya Sijistan hadi Loiyangalani

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake.

Ndugu msomaji, sisi watu wa mwambao tunazijua pepo kwa majina yake. Kaskazi iliwaleta wazee wetu na majahazi yao kutoka Arabuni, na kusi ikawarudisha. Hajapata kutokea mtu akadai ushuru kwa kuwa kaskazi imepita juu ya paa lake. Katika Surat Saba na Surat Swaad tunasoma kuwa Allah alimtiishia upepo Nabii Sulaiman (a.s.). Sisi wengine hatukutiishiwa. Tunautumia tu unapopita.

Leo upepo unazungusha mitambo mirefu inayotoa umeme, na wengi wanaliona jambo hili kuwa geni. Katika tarikhi yetu si geni. Imam Tabari na wengineo wanasimulia kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alimwambia Abu Lu'lu'a, mtumwa wa al-Mughira bin Shu'ba, kuwa amesikia anaweza kutengeneza kinu kinachosaga kwa upepo. Mtu yule akajibu kwa maneno yenye kitisho ndani yake, kisha katika Dhulhijja ya mwaka 23 Hijiria (644 Miladia) akamchoma Amirul-Muuminina kwa jambia katika Swala ya Alfajiri. Wapo wanahistoria wenye shaka juu ya habari hiyo ya kinu.

Lisilo na shaka ni kuwa katika karne ya 4 Hijiria, al-Istakhri na al-Mas'udi (aliyefariki mwaka 345 Hijiria, yaani 956 Miladia) waliandika juu ya vinu vya upepo vya Sijistan, nchi ambayo leo iko pande mbili za mpaka wa Iran na Afghanistan. Huko upepo mkali huvuma takriban siku 120 wakati wa kiangazi. Mhimili wa vinu hivyo ulisimama wima, na kuta zikauelekeza upepo kwenye mapanga. Vilisaga nafaka, na al-Mas'udi anataja pia kupandisha maji ya bustani. Baadaye al-Dimashqi (aliyefariki mwaka 727 Hijiria, yaani 1327) akavieleza pamoja na mchoro. Huko Nashtifan, Khorasan, vinu vya kale vya namna hiyo vingali vimesimama.

Sasa tuingie katika fiqhi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Basi upepo, usioweza kuzungushiwa ua, una haki zaidi ya kuwa wa wote. Lakini kinu hakisimami hewani. Kinasimama juu ya ardhi, na hapo ndipo haki za watu zinapoanza.

Ardhi mfu, yaani mawati, humilikiwa na mwenye kuihuisha. Imam Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala, na Imam Shafi'i hakushurutisha. Hata hivyo harimu ya kijiji, kama malisho yake, njia zake na mahali pa kuteka maji, haihesabiwi kuwa mfu. Je, mfugaji anayehamahama, asiyejenga nyumba ya mawe, ana haki gani?

Jawabu tunalipata kwa Sayyidna Umar huyo huyo. Amepokea Imam Bukhari kuwa alipomweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa manufaa ya umma, alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu waingie wenye ngamia wachache na kondoo wachache. Akakiri kuwa wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao. Waliipigania katika Jahiliya na wakasilimu wakiwa juu yake. Akaapa kuwa lau si wanyama wanaotumika katika njia ya Allah, asingewazuilia hata shubiri moja. Tazama! Maslaha ya umma hayakumsahaulisha haki ya mchungaji.

Tuupime kwa mizani hiyo mradi wa Lake Turkana Wind Power ulioko Loiyangalani, Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kuna mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo yote ilikuwa imesimikwa mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018, na Serikali ikalazimika kuwalipa wawekezaji fidia ya kuchelewa. Faida yake haikanushiki, kwani ni umeme usiounguza mafuta.

Lakini ekari 150,000 zilizotolewa kwa mradi zilikuwa malisho ya Warendille, Wasamburu na Waturkana. Mwaka 2014 baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani wakilalamika kuwa ardhi yao ilichukuliwa bila ya wao kushauriwa. Oktoba 2021, mahakama iliyoketi Meru ikaamua kuwa hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha.

Enyi maimamu, pepo zinavuma katika nchi nyingi, na miradi kama hii itakuja hata kwenye vijiji vyenu. Msikimbilie kuisomea dua wala kuilaani. Ulizeni kwanza: Nani analisha hapa? Je, ameulizwa? Na je, atapata nini kila mwaka? Njia iliyo salama ni ijara: kodi inayojulikana, muda unaojulikana, na ardhi ibaki kwa wenyewe. Miguu ya mitambo huchukua sehemu ndogo tu, na mbuzi waweza kulisha kati yake.

Tumeonywa katika hadithi sahihi kuwa mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Ekari 150,000 zina shubiri ngapi?

Wallahu a'lam.