Mbegu ya Lyamungu kwenye meza ya mabingwa

Najua nimepotea kidogo, mitihani ilikuwa imetubana mpaka kimbweta kimegeuka kitanda. Sasa nimepata upenyo, na leo nawaletea historia, somo langu la kufundishia, ila kwa njia ya kikombe cha kahawa.

Sio ile ya birika la shaba na kashata, ingawa nayo naihusudu. Nazungumzia kahawa ya mashindano. Mwenzangu wa chumbani aliposikia alicheka mpaka akakaa chini: "Yaani kupika kahawa nako kuna bingwa wa dunia?" Yupo jamani, tena anatafutwa kila mwaka!

Mashindano ya dunia ya mabarista, yaani wale wapishi wa kahawa wa migahawani, yalianza mwaka 2000 huko Monte Carlo, Monaco. Bingwa wa kwanza alikuwa Robert Thoresen wa Norway. Kanuni iliyosimama kwa miaka mingi ni hii: una dakika 15, uandae vinywaji 12. Vinne ni espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo. Vinne ni vya maziwa, na vinne ni vya ubunifu wako mwenyewe, pombe marufuku. Waamuzi wa ladha wamekaa mezani kwako, na mwingine wa ufundi anakuchungulia mikono: umemwaga unga? Umefuta mashine? Na wakati wote huo unaongea, unawaambia waamuzi wategemee ladha gani. Ukisema watasikia limau na wasisikie, alama zimekwenda. Sisi wa ualimu tunaijua hiyo... ni kama siku ya kukaguliwa ukiwa mazoezini, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake!

Kilichonivutia zaidi ni jinsi wanavyoishi hawa watu. Gwilym Davies wa Uingereza alikuwa anauza kahawa kwenye mkokoteni huko London. Mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia. Mtu mwingine angetangaza "njooni kwangu tu". Yeye akatoa kadi yenye majina ya maduka manane ya wenzake: nenda ukanywe kwao kote, ukimaliza njoo nikupe kikombe cha bure. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwao jina la ufundi linatangulia jina la mtu.

Kwa miaka 11 ya mwanzo, mabingwa wote walitoka nchi zisizotegemea kulima kahawa. Mwaka 2011 mashindano yakapelekwa Bogotá, Colombia, kwa mara ya kwanza kwenye nchi inayolima, na hapo hapo Alejandro Mendez wa El Salvador akawa mkulima-nchi wa kwanza kushinda, kama naruhusiwa kuunda neno. Kinywaji chake cha ubunifu alikitengeneza kwa ua la mkahawa, ganda lake na ule utelezi unaozunguka punje. Vitu ambavyo kwetu Kibosho vinaishia kwenye mbolea!

Mwaka 2018 Agnieszka Rojewska wa Poland akawa mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa.

Sasa basi, hapa ndipo ninapotaka tukae vizuri. Barista wa mashindano lazima aeleze kahawa yake imetoka shamba gani na ni mbegu gani. Nikaamua kuzifuata hizo mbegu kinyumenyume.

Mwaka 2016 bingwa alikuwa Berg Wu wa Taiwan, kwa kahawa aina ya Gesha kutoka Panama. Gesha ilifikaje Panama? Ilichukuliwa Ethiopia miaka ya 1930, ikapita kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro, ikapelekwa Costa Rica mwaka 1953, ndipo ikaingia Panama. Mwaka 2017 akashinda Dale Harris wa Uingereza, kwa SL28 iliyolimwa El Salvador. SL28 ilichaguliwa Kenya mwaka 1935, kwenye maabara ya Scott, kutokana na mbegu zilizookotwa Monduli mwaka 1931 kwa sababu miti ile ilikuwa inavumilia ukame.

Lyamungu na Monduli! Sehemu ambazo daladala inafika.

Lakini mpaka mwaka 2025 hakuna Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa. Wala sidhani ni mikono mizito. Kujiandaa kunataka mashine ya bei mbaya, kilo nyingi za kumwaga wakati wa mazoezi, na watu wa kukuonjea kila siku, wakati kahawa yetu nyingi inapanda meli ikiwa mbichi. Babu yangu amelima kahawa tangu ujana, amesomesha watoto kwayo, na asubuhi anakunywa chai. Binamu yangu ameshang'oa mistari miwili apande nyanya, na simlaumu, nyanya inalipa haraka. Ila inaniuma kwamba anang'oa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonjesha.

Darasani tulifundishwa kahawa kama zao la biashara la mkoloni: mwaka, mkoa, reli, basi. Tukakariri, tukajaza, tukafaulu. Nikipewa darasa langu, nitaanzia Monduli 1931 na nitamalizia kwenye meza ya waamuzi, mtoto ajue kuwa katikati ya hiyo safari kuna nafasi yake: mtafiti, mwonjaji, barista. Na birika nitabeba. Historia ya kahawa bila kuonja ni desa tu.

Haya, wa Mbinga, Mbozi, Tarime na Bukoba, niambieni: kwenu kahawa inanyweka nyumbani, au inapita tu kwenda mnadani?

Tuko pamoja. Boom likitoka, kikombe cha kwanza juu yangu!