Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Keweenaw

Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Keweenaw ni eneo la urithi wa uchimbaji wa shaba katika rasi ya Keweenaw, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, rasi inayoingia ndani ya Ziwa Superior. Iliundwa kisheria tarehe 27 Oktoba 1992. Haina uzio wala lango moja la kuingilia. Majengo yake yamesimama katikati ya miji ambayo watu wanaishi hadi leo, na mengi yako mikononi mwa makumbusho, vyama vya historia na wenye mali wanaoshirikiana na serikali kuu. Sehemu zake kuu ni mbili: Calumet na Quincy.

Rasi hii ilipata umaarufu kwa sababu ya aina ya shaba yake. Katika maeneo mengi, Katanga ya Kongo ikiwemo, shaba hukaa ndani ya mawe ikiwa imeungana na elementi nyingine, na haiwi metali mpaka ipitie moto au kemikali. Shaba ya Keweenaw ilikutwa ikiwa metali kamili, imejaza nyufa na vitundu vya miamba ya volkano yenye umri wa miaka bilioni 1.1 hivi. Mabonge mengine yalikuwa makubwa kiasi kwamba wachimbaji walilazimika kuyakatakata kwa patasi hukohuko chini kabla ya kuyapandisha. Kwa kuwa shaba hiyo ilikuwa metali tayari, wenyeji wa kale waliweza kuifua kwa nyundo za mawe, wakatengeneza mikuki, visu na mapambo tangu takriban miaka 7,000 iliyopita.

Mwaka 1841 mwanajiolojia Douglass Houghton alichapisha ripoti kuhusu shaba hiyo. Mwaka uliofuata, kwa Mkataba wa La Pointe, Waojibwe, wenyeji wa eneo hilo, waliiachia serikali ya Marekani ardhi hiyo, na mwaka 1843 wasaka utajiri walianza kumiminika. Mwaka huohuo Jiwe la Ontonagon, bonge la shaba lenye uzito wa zaidi ya tani 1.6 ambalo Waojibwe waliliheshimu, lilisafirishwa hadi Washington, nalo lingali huko. Maelezo yoyote ya hifadhi hii yanayoanza na kampuni za madini na kuwaruka Waojibwe yana upungufu mkubwa.

Kampuni ya Calumet and Hecla, iliyozaliwa mwaka 1871 kwa muungano wa kampuni, ndiyo iliyotawala maisha ya mji wa Calumet. Ilimiliki migodi, nyumba za wafanyakazi, maktaba, hata bafu la umma. Ofisi yake kuu ya zamani sasa ndiyo makao makuu ya hifadhi. Wafanyakazi walitoka Cornwall, Ufini, Kroatia, Slovenia, Italia na kwingineko, kila jamii na kanisa lake na magazeti ya lugha yake. Jumba la maonyesho la Calumet, lililofunguliwa mwaka 1900, linaonyesha ukwasi wa wakati ule.

Ukwasi huo ulikuwa na gharama, na hapa ndipo hifadhi inapostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko popote. Kampuni zilipoleta mashine ya kutoboa miamba inayoendeshwa na mtu mmoja badala ya wawili, wachimbaji walihofia kupoteza kazi, na pia kufia gizani bila mwenzao wa kuwaokoa. Walidai saa nane za kazi kwa siku, mshahara bora na kutambuliwa kwa chama chao cha wafanyakazi. Mgomo ulianza Julai 1913. Anna Clemenc, mke wa mchimbaji, aliongoza maandamano akiwa amebeba bendera kubwa ya Marekani. Mkesha wa Krismasi, familia za wagomaji zilikuwa kwenye sherehe ya watoto katika Ukumbi wa Waitaliano pale mtu alipopiga kelele kwamba kuna moto. Hapakuwa na moto. Watu 73 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa kwenye ngazi, wengi wao watoto. Aliyepiga kelele hakujulikana kamwe. Mgomo ulivunjika Aprili 1914 bila chama kutambuliwa. Jengo lilibomolewa mwaka 1984, na tao la mlango wake likahifadhiwa kuwa kumbukumbu.

Quincy, juu ya kilima cha mji wa Hancock, ndiyo sehemu ya mitambo. Kampuni yake, iliyoundwa mwaka 1846, ililipa gawio kwa wanahisa mfululizo kwa zaidi ya miaka 50. Shimo Namba 2 lilifika zaidi ya kilomita 2.8 kwa kufuata mteremko wa mwamba. Winchi yake ya mvuke ya mwaka 1920, iliyopandisha tani 10 za mawe kwa mkupuo, huhesabiwa kuwa kubwa kuliko winchi zote za mvuke zilizowahi kujengwa. Ilifanya kazi miaka 11 tu, kwani bei ya shaba ilianguka. Calumet and Hecla nayo ilifunga migodi yake baada ya mgomo wa mwaka 1968.

Kuingia hifadhini ni bure, ila ziara ya mgodi wa Quincy hulipiwa. Chini ya ardhi kuna baridi ya nyuzi 6 hivi za Selsiasi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo koti ni la lazima. Theluji ya rasi ni nyingi, na vituo vingi hufunguliwa miezi ya joto pekee. Mwenye siku moja tu aanzie kituo cha wageni cha Calumet, afike kwenye tao la Ukumbi wa Waitaliano, ndipo aende Quincy. Ataitazama winchi ile akiwa anawajua watu walioifanyia kazi.