Siku 20 Tu!

Juzi usiku umeme ulikatika hapa hosteli, na si mnajua tena, umeme ukikatika chumba kinageuka bunge. Jamaa mmoja akadai mzazi akiwa na pasipoti ya Marekani basi mwanawe ni Mmarekani, hata azaliwe wapi. Mimi mwalimu mtarajiwa wa historia nikamwambia, taratibu ndugu yangu!

Tuanzie mbali kidogo. Sheria yao ya mwaka 1790 iliwatambua watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo, ila uraia haukushuka kwa mtoto ambaye baba yake hajawahi kuishi Marekani. Mnaona? Baba! Haki ya mama kumrithisha mwanawe iliandikwa wazi mwaka 1934.

Mwaka 1940 wakaanza kuhesabu miaka. Kama mzazi mmoja ni raia na mwingine mgeni, yule raia awe ameishi Marekani miaka 10 kabla ya mtoto kuzaliwa, mitano kati ya hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Sheria ya 1952 ikashusha umri huo hadi 14, na mwaka 1986 ikawa miaka mitano, miwili baada ya 14.

Sasa pigeni hesabu ya 1952: 14 jumlisha 5 ni 19. Yaani mzazi wa miaka 18, hata kama hajawahi kuvuka mpaka, hafikishi! Ila mama asiyeolewa aliwekewa nafuu: mwaka mmoja mfululizo tu.

Hapo ndipo kuna kisa kilichoninyima usingizi. Kijana mmoja alizaliwa Puerto Rico mwaka 1900, akapata uraia wa Marekani mwaka 1917, kisha akaenda Jamhuri ya Dominika kutafuta kazi. Aliondoka zikiwa zimebaki siku 20 atimize miaka 19. Siku 20 jamani! Mwaka 1962 akazaa mtoto huko na mwanamke ambaye hakuwa raia wa Marekani, wakaja kuoana mwaka 1970. Mtoto akahamia Marekani akiwa na miaka 13, akakulia huko. Mwaka 2000, baada ya kutiwa hatiani kwa makosa, serikali ikaanza kesi ya kumfukuza nchini. Akajitetea kuwa yeye ni raia kupitia baba. Wapi! Zile siku 20 zikamfuata.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu, Sessions dhidi ya Morales-Santana. Tarehe 12 Juni 2017 Jaji Ruth Bader Ginsburg akaandika kwamba kumwekea baba masharti magumu kuliko mama ni kinyume cha katiba. Furaha? Subirini. Mahakama haikumpa baba nafuu ya mama, bali iliifuta nafuu ya mama kwa watoto wa baadaye, mpaka Kongresi iamue vingine. Jamaa alishinda hoja, uraia akakosa.

Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1995 haihesabu siku za mzazi, inahesabu vizazi: raia kwa kurithi hamrithishi mwanawe aliyezaliwa nje. Kila nchi na rula yake, ila anayepimwa ni mtoto ambaye hakuchagua pa kuzaliwa.

Swali langu kwenu: usawa wa kumnyang'anya aliyenacho, badala ya kumpa asiyenacho, ni haki kweli? Haya, umeme umerudi, na kuna zoezi la kukabidhi kesho asubuhi. Tuonane!