Kaal Sarp: Nuksi ya Nyota na Zinguo Lake

Kaal Sarp ni mpangilio wa nyota ambao wanajimu wengi wa Kihindu huuhesabu kuwa nuksi kwa mtoto anayezaliwa chini yake. Hutokea pale Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali, yaani sayari zote saba za asili katika unajimu huo, zinapokusanyika upande mmoja wa mbingu, katikati ya Rahu na Ketu. Mwenye nyota hiyo huambiwa kwamba ndoa itachelewa, watoto watakuwa shida kupatikana, biashara zitamharibikia, na usiku ataota nyoka.

Rahu na Ketu hawaonekani kwa macho. Ni sehemu mbili angani ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua. Daima hutazamana, mmoja akichomoza mwingine huchwa, na hurudi kinyumenyume wakimaliza mzunguko kwa takriban miaka 18 na nusu. Kupatwa kwa Jua na Mwezi hutokea karibu na sehemu hizo tu, ndiyo maana simulizi za kale ziliweka jitu hapo. Miungu na mashetani walipoikoroga bahari ya maziwa ili kupata maji ya uzima, shetani mmoja alijipenyeza kwenye safu ya miungu akanywa. Jua na Mwezi wakamchongea. Mungu Vishnu akamkata shingo kwa kisahani chake, lakini kwa kuwa alikwisha kuonja, hakufa: kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu. Tangu hapo kichwa hicho huwameza waliomchongea kila kinapowakuta.

Wataalamu wa falaki wa India yenyewe waliipa simulizi hiyo jibu mapema. Mwaka 499 Aryabhata alieleza kwamba Mwezi hupatwa kwa kuingia kwenye kivuli cha Dunia, na Jua kwa kufunikwa na Mwezi. Brahmagupta, katika kitabu chake cha mwaka 628, alijua hesabu hizo barabara, ila akakitetea kichwa cha Rahu kwa heshima ya maandiko matakatifu. Karne nne baadaye mwanazuoni wa Kiislamu al-Biruni, alipoandika juu ya India yapata mwaka 1030, alimlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ilikuwa ya haki.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nuksi hii haimo katika vitabu vikuu vya kale kwa sura yake ya leo. Brihat Jataka ya Varahamihira, ya karne ya 6, haiitaji. Kitabu kinachonasibishwa na Parashara kina mpangilio uitwao sarpa, lakini masharti yake ni mengine, na kina laana ya nyoka inayomnyima mtu watoto. Laana hiyo hasa ndiyo inayoonekana kuwa mzizi: hofu ya kumuua nyoka na kulipizwa, ambayo katika vijiji vya India ni ya kale sana. Umaarufu wa Kaal Sarp kama nuksi ya kila nyumba ulipanda katika karne ya 20. Siku hizi inagawanywa katika aina 12, nyingi zikiwa na majina ya wafalme wa nyoka wa masimulizi, kama Vasuki, Takshak na Karkotak.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Sayari nyingine zikishakuwa upande mmoja, Mwezi ndio unaoamua, nao huzunguka mbingu nzima kwa siku 27 hivi. Kwa hiyo mpangilio hudumu karibu wiki mbili, huvunjika Mwezi ukitoka, kisha hurudi. Kila mtoto anayezaliwa duniani katika wiki hizo mbili huwa nao. Nchi nayo inaweza kuwa nao: India ilipopata uhuru usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Agosti 1947, kwa hesabu za Kihindu Rahu alikuwa kwenye nyota ya Ng'ombe na Ketu kwenye Nge, Mirihi ilikuwa Mapacha, Mshtarii Mizani, na tano zilizobaki zote zilikuwa kwenye Kaa, yaani zote saba kati ya Rahu na Ketu.

Mahali panapotajwa zaidi kwa zinguo ni Trimbakeshwar, karibu na mji wa Nashik katika jimbo la Maharashtra, kwenye chanzo cha mto Godavari. Waumini huoga katika birika takatifu la Kushavarta, huvaa nguo mpya, kisha kuhani huongoza dua mbele ya sanamu ndogo za nyoka za madini. Hapo pia hufanywa Narayan Nagbali, ibada ya siku tatu ambamo nyoka hufinyangwa kwa unga wa ngano na kufanyiwa mazishi kamili, kama fidia kwa swila aliyeuawa. Kusini, hekalu la Srikalahasti huko Andhra Pradesh lina ibada yake ya Rahu na Ketu. Watu huketi kwa safu ukumbini, kila mmoja na nazi, majani ya tambuu na mbegu za jamii ya kunde, wakimfuata kuhani. Hekalu hilo hubaki wazi hata wakati wa kupatwa kwa Jua, saa ambazo mahekalu mengi hufunga milango.

Asiye na nauli hufanya ya nyumbani: kumwomba mungu Shiva, au kutoa maziwa mbele ya sanamu za nyoka siku ya Nag Panchami, kati ya Julai na Agosti. Wengine huuziwa pete za vito, gomed kwa ajili ya Rahu na jicho la paka kwa ajili ya Ketu. Biashara hiyo imewakera baadhi ya wanajimu wenyewe. K. N. Rao wa Delhi, mmoja wa wanaojulikana sana India, aliandika kitabu kizima kupinga hofu ya Kaal Sarp, akionyesha kwamba waliofanikiwa maishani wamo tele miongoni mwa waliozaliwa nayo.