Kabla ucheke ugali wa wimbi, soma hii

Nikiposti picha ya obokima, ule ugali wa wimbi wa kwetu Kisii, lazima mtu aulize kama nakula simiti. Sawa. Leo wacha niwape historia, ndio mjue hiyo simiti hulisha nani.

Zamani Gusii yote, Nyamira ikiwemo, wimbi ndilo lilikuwa chakula. Lilisagwa kwa jiwe, pumba na yote, likaliwa na chinsaga au rinagu. Waingereza walipotuvamia 1905 na tena 1908, mambo yakaanza kubadilika polepole. Mahindi yakashika, maana kupalilia wimbi ni kazi ya kuvunja mgongo. Miaka ya 1930 kahawa ikaingia, baadaye chai. Hakuna aliyepiga wimbi marufuku. Lilisukumwa tu hadi kona ya shamba, likabaki uji wa watoto.

Hapo jirani Uganda, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameona kitu. Saratani ya utumbo mpana, ya kawaida sana Uingereza, ilikuwa adimu kwa wagonjwa wake. Mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929, aliona hivyo hivyo. Miaka ya 1970 Burkitt akatangaza kwamba siri ni nyuzinyuzi kwa chakula. Haukuwa ushahidi kamili, maana wengi wakati huo hawakufika umri wa kupata saratani hiyo, na vipimo vilikuwa vichache. Isitoshe, kwake nyuzinyuzi zilikuwa kama ufagio: zinajaza choo na kukisukuma nje haraka.

Kumbe ufagio wenyewe ni chakula! Mwaka wa 1980, Roediger, mtafiti wa Oxford, alichunguza seli za ukuta wa utumbo mpana wa binadamu. Seli nyingi za mwili hutegemea kile damu inaleta. Hizi, karibu asilimia 70 ya nguvu zao zilitoka kwa butireti, asidi fupi ya mafuta. Na butireti hatuli kwa sahani. Nyuzinyuzi tunazoshindwa kumeng'enya hufika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha kama busaa, na asidi hizo fupi ndizo zinatoka. Usipolisha bakteria, hao nao hawana cha kupikia ukuta.

Mwaka wa 2015 watafiti walibadilishia watu vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani weusi 20 wakala kama watu wa vijijini Afrika Kusini, na Waafrika Kusini 20 wakala kama Wamarekani. Butireti ya Wamarekani ikapanda, ya wenzao ikashuka. Wiki mbili tu!

Sisemi wimbi ni dawa. Ukiona damu kwa choo, enda hospitali, usikimbilie soko la Daraja Mbili. Na si lazima iwe wimbi: maragwe na mboga za kienyeji pia zinafanya hiyo kazi.

Kinachoniuma ni aibu. Tulifundishwa kwamba unga mweupe ndio maendeleo, na sasa tukitaka wimbi tunalinunua kwa bei kuliko mahindi. Magokoro hakujua neno butireti, lakini kila jioni alipika chakula kilichofika hadi mwisho wa utumbo. Sisi tunajua neno, na sufuria ni nyeupe.

Kwenu nani bado anapanda wimbi?