Bamvua, Maji Mafu na Mashine Zinazokumbuka

Hapa Kimihurura tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Si ajabu, basi, kwamba mwanafunzi wetu mmoja aliuliza neno bamvua litamfaa nini. Tulimpa maana ya kamusi, naye akainakili. Baadaye tulitambua kwamba hatukuwa tumemjibu.

Mvuvi wa Unguja halijui neno hilo peke yake. Analijua pamoja na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa na kupwa kwa nguvu. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati huja maji mafu. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Mvuvi hangoji bahari imshtue, kwa kuwa duru yake anayo kichwani.

Huko Uingereza hesabu hiyo ilifikiwa kwa njia nyingine. Mnamo mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyojumlisha athari za mwezi na jua ili kutabiri maji bandarini. Hata hivyo, mashine hiyo ilitabiri tu, haikurekebisha kitu.

Urekebishaji ni kazi ya uhandisi wa udhibiti. Mwaka 1976 B. A. Francis na W. M. Wonham walieleza kanuni muhimu: ili mtambo unaojirekebisha ufute kabisa usumbufu unaojirudia, sharti ubebe ndani yake mfano wa mrudio huo. Mwaka 1981 Inoue na wenzake wa Japani walieleza jinsi ya kudhibiti umeme wa sumaku za mtambo wa kuongeza kasi ya protoni. Kosa la duru iliyopita huhifadhiwa, kisha hutumika kusahihisha duru inayofuata.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya namna hii. Sisi tunaona kwamba lugha iliyotaja kujaa, kupwa, bamvua na maji mafu imekwisha kuzoea mambo yanayojirudia. Upungufu umo katika ufundishaji wetu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wanafunzi wetu watahitaji zaidi ya orodha za maneno.

Muhula ujao tutachora mwezi ubaoni kwanza, ndipo tuandike bamvua.