Mwanzo Uliobeba Mwisho: Toleo la Kwanza la Juzuu ya Pili ya Batman Incorporated

Huenda umewahi kumnyang'anya mwanafunzi kitabu cha vibonzo ukidhani anapoteza wakati. Mimi nimewahi. Katika makala haya nakuomba tufungue kimoja, tukichunguze jinsi tunavyochunguza riwaya au tamthilia teule, kwa kuwa kina somo la msuko ambalo watahiniwa wengi hulikosa.

Kwanza, usuli. Batman ni mhusika wa kampuni ya DC ya Marekani. Alibuniwa na Bob Kane na Bill Finger, akajitokeza mara ya kwanza mwaka wa 1939. Mnamo 2006 Grant Morrison, mwandishi mzaliwa wa Uskoti, alianza kuandika visa vya shujaa huyu na kumwingiza Damian, mtoto ambaye Batman hakujua kuwa ni wake. Damian alilelewa upande wa mamake, Talia, akafunzwa kuua tangu utotoni. Baadaye alivishwa vazi la Robin, msaidizi wa Batman. Mwishoni mwa 2010 ulianza mfululizo wa Batman Incorporated, ambamo Batman anatafuta washirika kote duniani. Miongoni mwao ni Batwing, yaani David Zavimbe wa Kongo, aliyeletwa mwaka wa 2011.

Septemba 2011 DC iliamua kuanza upya majarida yake kwa mifululizo 52, yote ikihesabiwa kutoka nambari 1. Batman Incorporated ikakatizwa ikiwa na matoleo 8. Iliporejea Mei 2012, ikichorwa na Chris Burnham, ilipewa tena nambari 1. Hapa pana kinaya: jalada lilitangaza mwanzo ilhali kisa kilichoanza 2006 kilikuwa kimefika ukingoni.

Je, mwandishi aliukabili vipi mgongano huo? Alianzia mwishoni. Katika kurasa za kwanza, Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, yuko makaburini na mtumishi wake Alfred, nao polisi wanakuja kumtia mbaroni. Punde si punde tunarudishwa nyuma mwezi mmoja. Mtahiniwa ataandika, "Mbinu rejeshi imetumika," kisha aweke kalamu chini. Hilo halitoshi! Mbinu hiyo inafanya kazi gani? Inabadilisha swali la msomaji. Badala ya kuuliza, "Nini kitatokea?" sasa anauliza, "Walifikaje hapo?" Kila kicheko kinachofuata kinasomwa kwenye kivuli cha kaburi.

Na kicheko kipo. Batman na Damian wanapigana na wahalifu ndani ya machinjio. Vita vikiisha, Damian anamwokoa ng'ombe mwenye alama ya popo usoni, anatangaza kuwa tangu leo hali nyama, na kumpa mnyama huyo jina la shujaa. Usipite hapo ukicheka tu. Mtoto aliyefunzwa kuua anakataa kifo cha mnyama, wakati huohuo mamake mzazi ametangaza zawadi kwa atakayemtoa yeye uhai. Machinjio basi ni jazanda. Ng'ombe ameponea, je, mtoto ataponea? Toleo linafika tamati mwuaji wa kukodiwa akiwa amemlenga Damian. Hiyo ndiyo taharuki.

Jibu lilichelewa kidogo. Katika toleo la 8, Februari 2013, Damian aliuawa na kiumbe aliyetengenezwa kutokana na chembechembe zake mwenyewe, akiwa na umbo la mtu mzima. Mfululizo ulimalizika Julai 2013 kwa toleo la 13. Morrison aliwahi kueleza kwamba nia yake ya awali ilikuwa kumwua Damian mapema, mwishoni mwa kisa kilichomtambulisha. Kwa hivyo mtoto huyu alizaliwa akiwa ameandikiwa kifo, na uhai wake wote ni muda wa nyongeza.

Huenda ukapinga, "Lakini mashujaa wa vibonzo hufufuliwa." Ni kweli, Damian alirudishwa mwaka wa 2014. Je, tanzia imebatilika? Kwa maoni yangu, la. Ufufuo huo ulitokea katika kisa kingine, cha mwandishi mwingine. Ndani ya mfululizo huu, kaburi la ukurasa wa kwanza lilitimiza ahadi yake. Kazi ya fasihi ihukumiwe kwa ahadi iliyotoa na jinsi ilivyoitimiza.

Kwako mtahiniwa: unapokutana na mbinu rejeshi katika Karatasi ya Tatu, itaje, itolee mfano, kisha ueleze inachomfanyia msomaji. Bila hatua hiyo ya tatu, umetaja jina la jembe bila kulima. Nawe mwalimu mwenzangu, utakapomkuta tena mwanafunzi na kibonzo, kabla hujakinyakua muulize: "Kinaanzaje, na kwa nini kianzie hapo?" Akijibu vyema, mrudishie.